Jibu: Je, kuweka akiba na kukata bima ni kukosa imani?

Dada yangu, umeuliza kama kuweka akiba na kukata bima ni kutomtumaini Mungu. Mimi naona hapana. Yusufu alitunza sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka 7 ya shibe, na Mungu mwenyewe ndiye aliyefunua njaa inayokuja.

Ila msome Asa, mfalme wa Yuda, 2 Mambo ya Nyakati 14 hadi 16. Alipovamiwa na jeshi kubwa la Zera Mkushi alimlilia Bwana, akashinda. Miaka ikapita. Baasha, mfalme wa Israeli, alipoanza kujenga mji wa Rama ili kumzibia njia, hatusomi tena kwamba aliomba; alichota fedha na dhahabu hekaluni akampelekea Ben-hadadi, mfalme wa Shamu aliyekaa Dameski, ili amgeuke Baasha. Na mbinu ikafanya kazi! Hapo ndipo panaponitisha. Mwonaji Hanani alipomkemea, Asa alimtia gerezani.

Nami nimepita huko. Kuna kipindi nilikuwa nikiamka, kabla hata ya kusema "Asante Bwana", mkono unakwenda kwenye simu kuangalia salio. Likiwa nono, moyo unatulia. Likishuka, siku nzima nawafokea watoto. Fedha yenyewe haikuwa kosa. Kosa ni kwamba ndiyo niliyoiuliza kila asubuhi kama niko salama.

Kwa hiyo kata hiyo bima, dada, lakini piga magoti kwanza umwambie Mungu waziwazi unachokiogopa. Na akikugusa umsaidie mtu kwa sehemu ya akiba hiyo, itoe.