Kabla ya kununua shamba Unguja, liangalie mara mbili

Shamba langu la kwanza nililinunua Januari, kaskazi imeshika, ardhi imekauka mpaka ina nyufa za kuingiza mkono. Bonde pana, jiwe hata moja halimo, na bei nafuu. Nikajiona mjanja, nikatia mihogo matuta kwa matuta.

Aprili masika yakamimina. Matuta yakawa visiwa, mihogo ikaoza. Bibi mmoja jirani, ambaye kila asubuhi alikuwa akinipita akitikisa kichwa, siku ile alisimama. Baada ya marahaba akaniuliza: "Mwanangu, hukuuliza udongo huu unaitwaje?"

Sikuuliza. Ulikuwa kinamo.

Huku kwetu udongo una majina, na jina ni nusu ya ushauri. Kinamo hukaa mabondeni. Kikilowa hunata na kushika maji, kikikauka hupasuka. Hicho ni cha mpunga, kama unavyouona Cheju. Kinongo ni chekundu, kina kina kirefu na hakituamishi maji. Hicho ndicho cha mikarafuu. Watu husema Pemba ina karafuu kwa sababu kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Kweli, lakini Pemba ina vilima na mvua nyingi kuliko sisi, na mikarafuu hupenda vyote viwili. Kichanga ni chepesi, muhogo hukifurahia. Halafu kuna maweni ya mashariki na kusini, Makunduchi na Jambiani, ambako udongo umejificha vishimoni katikati ya matumbawe. Mvua ikinyesha huko hupotelea chini ya mawe. Jua likiwaka siku chache tu, kunde zimeshanyauka.

Kwa hiyo usiniambie "mwaka huu mvua nzuri". Nzuri kwa udongo gani?

Ukiweza, lione shamba wakati wa kaskazi, kisha ulirudie masika yakiwa yamekolea. Muuzaji akikuharakisha, chukua jembe, chimba kufika goti, lowesha donge ulisokote. Likitoka kamba ndefu isiyokatika, umeshika kinamo. Tazama pia kama kuna matete, na kama mashina ya miti yana mstari wa maji ya mwaka jana. Mimi mstari huo niliuona kwenye mnazi. Nilidhani ni uchafu.

Kuhusu majira: masika huja pepo zikigeuka kutoka kaskazi kwenda kusi, Machi hadi Mei, vuli huja zikirudi, Oktoba hadi Desemba. Vuli siiamini. Mara inakuja fupi, mara haionekani, na mpunga siwezi kuuwekea tamaa hiyo. Wazee wa Makunduchi huhesabu miongo, siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Kiswahili, mwezi wa Julai. Nami husikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha nakwenda kumuuliza bibi yuko mwongo wa ngapi. Wakipingana, nachelewesha mbegu nusu.

Bonde lile sasa ni la mpunga, na mbegu alinichagulia yeye. Mihogo nimeihamishia ukingoni juu, penye kipande cha kinongo kisichozidi chumba kimoja. Futari haikosekani.