Rangi nne zilivyotosha uso wa shangazi

Nilipomchora shangazi mara ya kwanza nilikuwa na tyubu 12 za rangi za mafuta, 4 kati yake za kahawia. Nilizitumia zote. Alipokuja kutazama picha alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Mara ya pili nilibaki na 4 tu: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, na nyeusi. Ndizo zinazohusishwa na Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi (1860–1920). Katika picha aliyojichora mwaka 1896 ameshika kibao chake cha kuchanganyia rangi, na rangi hizo zipo pale.

Utauliza buluu iko wapi. Imo ndani ya nyeusi. Ichanganye na nyeupe, weka kijivu hicho kando ya nyekundu, jicho litaapa limeona buluu. Nyeusi na njano hutoa kijani cha zeituni. Kahawia nayo hutoka kwa nyekundu, njano na nyeusi kidogo. Iwe kidogo kweli, maana nyeusi ni mlafi.

Kosa langu kubwa lilikuwa nyeupe. Ngozi yetu ukiiongezea nyeupe kila unapotaka mwanga, inapauka kama ya mtu aliyetoka kuoga bila kujipaka mafuta. Siku hizi naongeza kwanza njano na nyekundu. Nyeupe naitunza kwa ule mng'ao wa paji la uso na ncha ya pua, na karibu na dirisha mng'ao huo mara nyingi ni kijivu baridi.

Kabla ya kugusa turubai, changanya mafungu 3: kivuli, wastani, mwanga. Kisha fumba macho nusu umtazame unayemchora, vidogo vidogo vipotee. Giza na mwanga vikikaa mahali pake, rangi unaweza hata kuidanganya. Kivuli cha chini ya jicho la shangazi nilikipaka nyekundu iliyokolea, ambayo usoni kwake haipo kabisa, na hapo ndipo uchovu wake wa jioni ulipojitokeza.

Kilichonishinda ni kitenge chake cha zambarau. Nyekundu na nyeusi zilinipa rangi ya ugoro, nikaiacha hivyo. Uso wake safari hii aliutambua, ila mpaka leo ananiuliza kitenge nilikipeleka wapi.