Idara ya ikolojia imetangaza kila kona, waombaji ni walewale: kinachokwama ni nini?

Mkuu mleta uzi, umeuliza kwa nini idara yenu ya ikolojia huko Marekani imetangaza nafasi za uzamili na uzamivu kila kona, imeweka meza kwenye makongamano, imebadilisha hadi picha za tovuti, na bado wanaoingia ni watu wa mazingira yaleyale. Kwa upande wa wahadhiri, unasema, ndio usiseme. Ushauri wangu ni kwamba matangazo yapumzike kwanza, mkague milango. Miwili kati yake ina uzito mkubwa kwenye ikolojia, na yote haiandikwi popote.

Mlango wa kwanza ni barua pepe. Kwenye programu nyingi za ikolojia za Marekani, idara hutia saini tu. Anayemchukua mwanafunzi ni mhadhiri mmoja mwenye nafasi na fedha. Maombi hufungwa Desemba, lakini mengi huwa yameshaamuliwa miezi miwili kabla, katika mawasiliano ambayo kamati ya udahili haiyaoni. Aliyesoma chuo chenye maabara kubwa huambiwa na msimamizi wake, "Mwandikie fulani, mwambie nimekutuma." Aliyetoka chuo kidogo hulipa ada ya maombi, hujaza fomu vizuri kabisa, hutaja mhadhiri ambaye mwaka huo hachukui mtu, na faili lake linakufa halijafunguliwa. Kisha kamati inalalamika kwamba haipati waombaji.

Kwa hiyo, kufikia tarehe 1 Septemba kuwe na ukurasa mmoja unaosema nani anachukua wanafunzi, wangapi, kwa mada gani, na kama fedha ipo mkononi au inasubiriwa. Chini yake wekeni mfano wa barua ya kujitambulisha ya aya tatu: ninasoma nini na nimefanya kazi gani, swali gani la utafiti linanivuta na kwa nini kwako, nikuulize nini kuhusu nafasi na posho. Barua zenyewe zipitie fomu fupi inayoingia kwenye sanduku la idara, na kila mtu ajibiwe ndani ya siku 14, hata jibu likiwa "sina nafasi, jaribu kwa fulani". Mpango huu huharibiwa na wahadhiri wawili watatu wanaoendelea kujibu kwenye masanduku yao binafsi. Mratibu wa udahili apewe mamlaka ya kuwauliza kila mwaka: walikuandikia wangapi, uliwajibu wangapi, ulizungumza na wangapi. Na kwa kuwa wanaoingia kwenu ni wachache, jumlisheni takwimu za miaka mitano. Mtu mmoja akipungua, asilimia ya mwaka mmoja inapotosha kabisa.

Kuhusu GRE, mtihani sanifu wa wanaoomba uzamili na uzamivu: unagharimu zaidi ya dola 200, na idara nyingi zimeuondoa. Vema. Ila mkiuondoa bila kuweka kitu mahali pake, uzito wake unahamia kwenye jina la chuo na barua za mapendekezo, ambavyo ni vipimo vya nani anamjua nani. Andikeni jedwali la alama kabla faili la kwanza halijafunguliwa, alama 0 hadi 3 kwa kila kigezo, na kila alama iwe na maelezo yake. Chukua kigezo cha kudumu kwenye kazi ndefu. Alama 3 ni kwa aliyebeba jukumu kwa mwaka mmoja au zaidi, iwe ni kuhesabu ndege kituoni au kusimamia zamu ya usiku ghalani ili alipe karo. Alama 1 ni kwa aliyetaja kazi bila kuonyesha alichobeba. Bila maelezo kama hayo, aliyejitolea miezi mitatu msituni bila malipo atamshinda kila mara aliyekuwa anajilipia chakula, ingawa tofauti yao ni mfuko wa mzazi tu. Wasomaji wawili wasome kila mmoja kivyake. Wakitofautiana kwa alama 2, wazungumze. Ujanja wa kawaida wa kuuangusha mfumo huu ni kusoma faili, kumpenda mtu, kisha kujaza alama zinazomfaa. Ndiyo maana kigezo kimoja kisomwe kwa faili zote kabla ya kwenda kingine.

Sheria nayo iangaliwe mapema. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Juni 2023 kuhusu Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, rangi ya mwombaji haiwezi kuwa kigezo cha kumdahili. Kwenye ajira, sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilishakataza kumchagua mtu kwa rangi yake. Sijataja kokote kuangalia rangi, wala sitataja. Kazi ni kuondoa vizuizi kwa kila anayeomba. Hata hivyo, mwanasheria wa chuo apitishe macho kwenye fomu na matangazo.

Mlango wa pili ni gharama za uwandani, na hapa ndipo waliokwisha kuingia wanapoondokea. Mwanafunzi anafika Agosti, posho ya kwanza inaingia mwishoni mwa Septemba, na katikati anatakiwa kuwa na buti, koti la mvua, darubini na tiketi ya ndege. Anaambiwa: nunua, leta risiti, utarudishiwa. Asiye na kadi ya mkopo yenye nafasi hana pa kuanzia, na ataona aibu kusema, kwa hiyo atachagua mradi wa kompyuta na ninyi mtaandika kwamba "hapendi uwandani". Idara inunue tiketi na kulipia malazi moja kwa moja kwa kadi yake, na posho ya safari itolewe kabla ya safari. Mkishindwa yote, fanyeni hilo moja.

Stoo ya vifaa vya kuazima pia haina gharama ya kutisha: mahema, darubini, redio, makoti. Angalieni saizi. Suruali za mpira za kuingilia mtoni zikiwa za wanaume warefu tu, mwanamke mfupi anatembea kwenye maji akiwa na mpira uliolegea, na ukijaa maji ni hatari ya kweli. Kuogelea na kuendesha gari navyo huchukuliwa kwamba kila mtu anavijua. Lipieni masomo yake kwenye bajeti ya mradi, muhula mmoja kabla ya msimu.

Usalama una uzito wake. Utafiti mmoja wa 2014 uliwauliza watafiti 666 wa fani za uwandani, na asilimia 64 walisema wamewahi kunyanyaswa kijinsia, kama vile kwa maneno au mizaha isiyofaa, wakiwa uwandani. Tangu 2023 NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili utafiti, ilianza kuzitaka taasisi ziwe na mpango wa usalama kwa utafiti wa nje ya chuo, lakini mpango wa kunakili na kubandika haumlindi mtu. Uandikeni kwa kituo husika: simu ya setilaiti iko kwa nani, mtu wa kuripotiwa asiye msimamizi ni nani, gari la kuondokea ni lipi. Mtafiti mweusi anayetembea na darubini karibu na nyumba za watu anaweza kuitiwa polisi, kwa hiyo apewe kizibao chenye jina la chuo, gari lenye nembo, barua kwa wenye ardhi, na mwenzake wa kufuatana naye. Awe pia na ruhusa ya kuacha eneo bila kujieleza siku hiyohiyo.

Ushirikiano na vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi au vyuo vya makabila ya wenyeji wa asili mara nyingi hufa kwa sababu moja: simu inapigwa wiki tatu kabla ya ombi la fedha kufungwa, na mshirika anawekwa kama pambo. Mhadhiri wa huko awe msimamizi mwenza, awe na fungu lake kwenye bajeti, na swali la utafiti litungwe pamoja naye.

Kwa wahadhiri, anzeni na tangazo la kazi. Kila mjumbe huongeza sifa anayoipenda hadi tangazo linaelezea watu kumi duniani, wote waliopita maabara zilezile. Sifa za lazima zisizidi nne, mada iwe pana, na mkiweza ajirini wawili kwa pamoja. Maswali ya usaili yawe yaleyale kwa wote, na fedha za kuanzishia maabara zitajwe mapema, maana asiye na mtu wa ndani hajui kwamba zinajadiliwa.

Akishaingia, mhesabieni kamati. Mhadhiri pekee wa asili yake idarani huitwa kwenye kila kamati na kila picha, na wanafunzi wasio wake humiminika ofisini kwake kutafuta ushauri. Miaka sita baadaye faili lake la kuombea ajira ya kudumu lina machapisho machache. Mkuu wa idara aweke ukomo wa kamati mbili kwa mwaka, kwa maandishi, na kuwashauri wanafunzi kuhesabiwe kama mzigo wa kufundisha, kozi moja ipunguzwe. Akiombwa kamati ya tatu, anayekataa awe mkuu wa idara, asiwe yeye.