Dirisha linavuja ingawa limezibwa mara mbili

SWALI: Nyumba yetu iko Tanga, imejengwa kwa matofali ya saruji na ina madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni. Kila masika, mvua ikija na upepo, maji huchuruzika ndani kwenye kona ya chini ya dirisha la sebuleni, na rangi ya ukuta chini yake imevimba na kumenyuka. Fundi ameziba kwa silikoni mara mbili, ndani na nje, lakini mwaka huu hali imezidi. Je, ni lazima tuling'oe dirisha zima?

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana. Msiling'oe kwanza, kwa sababu hilo la kwamba hali ilizidi baada ya kuzibwa linanifanya nishuku silikoni yenyewe. Dirisha la kusukuma halizuii kila tone: mvua ya upepo huingia kwenye reli ya chini, na fremu huwa na vitundu vidogo upande wa nje vya kuyatoa maji hayo. Fundi akipitisha silikoni ukingo wote wa chini bila kuviangalia, huviziba, reli ikajaa, na maji yakafurikia ndani au yakapenya kwenye maungio ya kona.

Mimina kikombe kimoja cha maji kwenye reli, kisha utoke nje uangalie. Yasipotoka, kwangua silikoni iliyofunika vitundu, uvichokonoe kwa waya mwembamba, na uzoe mchanga na mabawa ya kumbikumbi ambayo hujazana humo msimu wa mvua. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Yakitoka vizuri na bado ukuta unalowa, basi njia iko kati ya fremu na lipu. Subiri siku kavu, mtu mmoja akae ndani na tochi, na mwingine amwagie maji kwa mpira taratibu, akianzia chini ya dirisha na kukaa hapo dakika kumi hivi kabla ya kupanda pembeni na hatimaye juu. Ukianzia juu, maji yatateremka kote na hutajua yalipoingilia. Usisahau ufa wa lipu juu ya dirisha, kwani maji yanaweza kuingia kwenye linta, yaani ile boriti ya zege iliyo juu ya dirisha, yakashuka ndani ya ukuta na kujitokeza kwenye kona ya chini.

Kuziba kufanyike nje, maana kuziba ndani huyafungia maji ukutani. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani, kwa hiyo ikate yote kwa kisu, ufute vumbi na uache pakauke kabisa. Ukinunua, epuka ile inayonuka kama siki, kwa kuwa asidi yake haipatani na saruji. Omba dukani isiyo na asidi. Kama pengo linaingiza kidole, lijaze kwanza kwa saruji na mchanga, ndoo moja kwa tatu, kisha silikoni ifuate baada ya saruji kukauka.

Angalia pia ukingo wa nje chini ya fremu, ambao mafundi wetu huupuuza mno. Ukiwa bapa, au umelalia ndani, maji hutuama kwenye fremu hata kama silikoni ni nzuri kiasi gani. Kwa ukingo wa sentimita 10, upande wa nje uwe chini kwa sentimita 1 hivi, utokeze kidogo mbele ya ukuta, na chini yake uchongwe mfereji mwembamba ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani.

Rangi ya ndani iacheni kwanza. Kwangueni iliyovimba, mpige brashi kavu ule unga mweupe wa chumvi, na mpake upya pale tu ukuta utakapokuwa umekauka kabisa na mvua kubwa mbili au tatu za upepo zimepita bila kona kulowa.