Majirani huwakinga waoksidishaji wa amonia

Je, bakteria wanaooksidisha amonia wangestahimili kemikali zenye sumu vizuri zaidi wakitengwa na vijidudu wengine wa tope linalosafisha maji taka? La, kuwatenga hivyo hakuwaimarishi, huwaondolea kinga. Nitrosomonas, ambao ni kundi mojawapo la bakteria hao, hukua polepole kwa sababu hupata nishati kidogo sana katika kugeuza amonia kuwa naitriti, na kimeng'enya wanachoanzia kazi hiyo huzuiwa kwa urahisi na kemikali nyingi, hivyo wakishaumia huchukua siku nyingi kurejea. Majirani zao hupunguza pigo hilo: baadhi hula fenoli na sumu nyingine za kikaboni kabla hazijawafikia, wengine hutoa ute unaoshikanisha tope na kunasa sehemu ya metali nzito, nao bakteria wa kundi la Nitrospira huondoa naitriti, ambayo ikirundikana huwa sumu. Lililo kubwa zaidi kwangu ni kwamba waoksidishaji wenyewe si aina moja, kwa hiyo aina moja ikilemewa na kemikali fulani, nyingine inayoistahimili huendeleza kazi.

Nasema haya kwa kuwa mimi hupima amonia katika maji taka hapa Nairobi, na ninasikitika kila ninapoona tope zima likimwagwa baada ya hitilafu moja, ilhali lingeweza kupona. Kinga hiyo ina mpaka, lakini. Sianidi au shaba nyingi ikiingia ghafla kutoka kiwandani, jamii nzima inaweza kudhoofika. Na oksijeni ikipungua, walaji wa uchafu wa kikaboni huwashinda waoksidishaji kuipata.