Kwa nini msonobari hubaki na majani nchani tu?

Swali: Nasomea misitu California. Katika milima ya San Bernardino, mashariki ya Los Angeles, nimeona misonobari aina ya ponderosa iliyobaki na majani kwenye ncha za matawi tu. Je, ni hewa chafu au ni ukame? Na mbona majani mapya ni mazima?

Jibu: Ndugu msomaji, swali lako la mwisho ndilo linalofungua la kwanza. Msonobari hutoa rika moja la majani kila mwaka na kuliachia lililo kongwe zaidi, na ponderosa iliyo katika hewa safi huweza kubeba marika matatu hadi matano kwa wakati mmoja. Moshi wa magari ya bondeni, ukipigwa na jua, huzaa ozoni, ambayo upepo wa mchana huipandisha milimani. Gesi hiyo huingia kupitia stomata, yaani vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia, huharibu utando wa seli na kupunguza klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, na madhara yake hulimbikizana, kwa hiyo jani la mwaka wa tatu limekwisha kunywa sumu ya misimu mitatu wakati changa limeonja mmoja tu. Mti hulipukutisha lililochoka mapema, na palipochafuka sana hubaki rika la mwaka huohuo peke yake. Madhara haya yalionekana huko tangu miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 majaribio ya kuifukizia miti ozoni yakathibitisha chanzo chake.

Naitrojeni inayodondoka pamoja na uchafu huo huzidisha tatizo: hukuza machipukizi mapya, nayo majani ya zamani huachwa upesi zaidi.

Ukame usiuondoe kabisa, ila alama zake ni tofauti. Jani lenye kiu huwa fupi na hukauka kuanzia nchani. La ozoni huwa na mabaka ya manjano yasiyo na kingo dhahiri, hasa kwenye marika ya nyuma. Madoa yenye kingo kali, mimi hushuku wadudu kwanza. Tena mwaka wa ukame mkali, stomata zikifungwa, ozoni inayoingia hupungua, jambo ambalo huwapotosha wengi.

Hesabu marika mwezi Agosti, kabla ya mpukutiko wa kawaida wa Septemba na Oktoba, ukianzia nchani na kurudi nyuma pingili kwa pingili, na uchukue matawi kadhaa ya chini kwa kila mti. Ukipata rika moja au mawili, chunguza pia magome, kwa kuwa mti uliodhoofika hivyo hushindwa kujikinga kwa utomvu dhidi ya mbawakawa wanaoyatoboa.