Kabla Hujampeleka Mbwa kwa Kinyozi, Soma Kiwango Chake

Maonyesho ya mbwa yakikaribia pale Jamhuri Park, simu yangu hailali. Swali ni lile lile: "Nimnyoe vipi ndiyo ashinde?" Jibu langu huwaudhi wengi: huenda hutakiwi kumnyoa kabisa.

Wengi hudhani jaji hutazama mbwa waliopangwa mbele yake, aliyependeza zaidi akapewa utepe. Sivyo. Kila aina ya mbwa ina kiwango chake kilichoandikwa, kinachoeleza kichwa, mgongo, miguu, mkia, mwendo na manyoya. Jaji humpima kila mbwa kwa maandishi hayo. Manyoya ni aya moja tu, ila kwa aina fulani aya hiyo haina mchezo.

Chukua Rottweiler, maana Nairobi tunao wa kumwaga. Kiwango cha Marekani kinataka aonyeshwe katika hali yake ya asili, bila kupunguzwa manyoya. Niliwahi kumwona mmoja, dume lenye kichwa cha kutamanika, ambaye kinyozi wa mtaani alikuwa amempitishia mashine shingoni ili aonekane nadhifu. Jaji alishusha kiganja kutoka kisogoni hadi mabegani, akasita, akaurudisha mkono palepale, kisha akayapangua manyoya kwa kidole gumba kutazama yalipokatiwa. Hakusema neno. Mbwa yule alitoka mikono mitupu, na mwenyewe hadi leo anaamini alionewa.

Kwa Golden Retriever unaruhusiwa kidogo: kupunguza manyoya ya nyayo na kunadhifisha yale yaliyochomoza. Ukianza kulichonga umbo lake kwa mkasi, umevuka mpaka. Terrier wa manyoya magumu, yale yaliyokufa hung'olewa kwa vidole au kisu maalum. Mashine huyaacha laini na rangi ikafifia, na jaji huligundua hilo akigusa tu.

Poodle ndiye kinyume cha wote. Huko Marekani, akishatimiza miezi 12, madarasa ya kawaida ya mashindano yanamtaka katika mojawapo ya mitindo miwili: Continental, ambapo sehemu ya nyuma hunyolewa, au English Saddle, ambapo nyuma huachwa manyoya mafupi. Chini ya umri huo anaruhusiwa pia mtindo wa mbwa wachanga. Ule mkato wa mwana-kondoo unaopendwa sana kwenye saluni za mbwa hapa mjini ni mzuri kwa matembezi ya msitu wa Karura, lakini chini ya kiwango hicho unamwondoa mashindanoni moja kwa moja. Mimi binafsi naona ni ukali uliopitiliza, ila sheria si yangu.

Usidhani pia kwamba manyoya mengi yatamfichia mbwa kasoro. Jaji huzamisha vidole mpaka kwenye mfupa: anatafuta pembe ya bega, upana wa mbavu, mgongo kama umenyooka. Manyoya yaliyofutuliwa juu ya mgongo uliobonyea hudanganya watazamaji walio nje ya kamba, si mkono wa jaji. Poda nyeupe nayo iache nyumbani. Ikimwachia jaji vumbi viganjani, umejitafutia balaa.

Ukiwa na Ridgeback, mbwa wa kwetu Afrika ambaye kiwango chake kiliandikwa Bulawayo mwaka 1922, shukuru Mungu. Mwogeshe, msugue kwa kitambaa, mkate kucha. Ule mstari mgongoni, wenye mizunguko miwili ya manyoya inayotazamana, usiuguse na mkasi hata kama mzunguko mmoja umekaa upande. Amezaliwa hivyo, na jaji anajua kutofautisha.

Jambo la mwisho. Viwango vya vyama vya mbwa, yaani Kennel Club ya Uingereza, AKC ya Marekani na FCI, shirikisho la kimataifa, havifanani kila mahali, hasa kwenye mitindo ya Poodle. Kwa hiyo mpigie katibu wa maonyesho umuulize watatumia kiwango cha nani. Fanya hivyo miezi kadhaa mapema, si wiki ya mwisho, maana manyoya yaliyokwisha kukatwa huchukua muda mrefu kurudi.